Kidole Hakikunasa

Najua ile hadithi ya sabuni, eti kidole changu kilinasa kwenye injini ya gari mbele ya bibi harusi, mmeshaipata. Jamaa yetu kairusha kundi la ukoo, kundi la kazini, hadi lile la michango ya harusi ambalo lilitakiwa liwe limeshafungwa. Mjue tu kwamba msimulizi mwenyewe ndiye aliyenishikia spana siku tunafunga ile manifoldi. Hilo kalisahau.

Datsun 1200 ya marehemu mzee, injini ya cc 1171, manifoldi yake ya hewa (lile bomba linalogawa hewa na mafuta kuingia kwenye injini) ilikatika sikio. Kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tukapata nyingine iliyotoka kwenye Datsun mwenzake. Nikaisugua kwa petroli na brashi ya waya mpaka ikang'aa, tukaweka gasketi mpya, tukafunga. Injini ikawaka papo hapo. Ila sailensi, yaani injini kunguruma yenyewe bila kukanyagiwa mafuta, hamna. Ukiachia mafuta inatetemeka, inakohoa, inazima. Ukikanyaga, safi kabisa.

Nikabadilisha plagi. Nikasafisha platini. Nikaikaza skrubu ya sailensi pale kwenye kabureta karibu mwisho wake, angalau isinizimikie kwenye foleni. (Hiyo skrubu ikumbukeni.) Jamaa yetu akasema gasketi mpya "hujikalisha" yenyewe baada ya siku chache. Gasketi si mpangaji, lakini nilikubali, maana Jumamosi nilishaahidi kumbeba bibi harusi.

Ni mpwa wangu. Na kamati nzima nilikuwa nimeshaihubiria, kama mzee alivyotuhubiria sisi, kwamba Datsun ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1970. Ilikuwa 1600, si 1200. Mzee hakuona haja ya kufafanua, na mimi ni mtoto wa baba yangu.

Basi tuko Tabata, mlangoni kwa bibi harusi. Anatolewa ndani, watoto wamemshikia shela. Kirikuu (kale kapikapu kadogo) ya matarumbeta iko mbele, wameshachanganya. Mpiga video anarudi kinyumenyume. Mimi nashuka nimfungulie mlango, yaani naachia mafuta. Datsun ikatetemeka riboni zote zikacheza, ikazima. Nikawasha. Ikazima. Matarumbeta yakanyamaza moja moja, wa mwisho akiwa mpiga ngoma, ambaye nadhani alikuwa hajaona.

Nikavua koti (la kuazima), nikafungua boneti. Jamaa yetu akakaa kwenye usukani anikanyagie mafuta. Ndipo nikasikia: ssssss. Hewa inavutwa mahali isipotakiwa. Nikapitisha mkono nyuma ya manifoldi, upande ambao jicho halifiki, nikapapasa, nikakuta kibomba. Manifoldi ya zamani haikuwa nacho! Ile ya Gerezani ilitoka kwenye Datsun yenye busta ya breki, kile kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuusaidia mguu kukanyaga breki, na hapo ndipo mpira wa busta unapochomekwa. Yangu haina busta, breki ni nguvu za mguu wako. Kibomba kilikuwa kimezibwa na masizi ya miaka, nami nikakizibua kwa brashi yangu, nikijisifu.

Nikaweka kidole. Kikavutwa, fyu! Mtetemo ukakata. Injini ikapanda, sauti moja, imenyooka. Ilikuwa juu kidogo, lakini nani alalamike? Vigelegele. Matarumbeta yakarudi. Nikatoa kidole, ikakohoa. Nikarudisha, ikanyooka. Watu wakadhani ni sehemu ya shughuli, wakawa wanapiga vigelegele kila kikiingia.

Sasa, wenye Datsun mnajua, manifoldi ya hewa imekaa juu kabisa ya ile ya moshi. Inachemka. Nikitoa kidole, inazima mbele ya wakwe. Nisipotoa, naiva. Nimeinama hivyo, makalio kwa kamera, jasho linadondokea kwenye mfuniko wa juu wa injini na kukaukia hapo hapo. Shangazi wa bibi harusi akaja, akainama sawa na mimi, akaniuliza taratibu: "Shemeji, na kanisani utaenda ukiwa humo humo?"

"Dakika moja tu, shemeji."

"Mjomba," bibi harusi naye, "nipande au nisipande?"

Jamaa yetu, ambaye alishaacha usukani na kuchomoa simu, akatangaza mtaa mzima: "Kidole kimenasa! Leteni sabuni!"

Hakikunasa. Nilikishikilia kwa hiari yangu. Sabuni ililetwa, sikatai, na beseni likaja, na mama mmoja akaniosha mkono mpaka kwenye kiwiko kabla sijajitetea. Lakini kuletwa kwa sabuni si ushahidi. Ncha ya kidole ilitoka na duara jeupe, ukingo mwekundu. Hayo ni mambo ya kuvutwa na hewa, ndugu zangu, si kunasa.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda. Akachana kipande cha tyubu anachofungia mizigo, akakikunja, akakivisha kile kibomba, akakaza kwa waya. Ssssss ikaisha.

Ile skrubu je? Niliikaza kufidia hewa ya wizi. Wizi umekoma, skrubu iko pale pale. Gia ikiingia tu gari linaondoka lenyewe, mimi kazi yangu breki, na breki zenyewe hazina busta. Barabara ya Mandela tukaipita kirikuu ya matarumbeta, wanapuliza huku wanatutazama. Tukafika kanisani kabla ya bwana harusi. Mzee wa kanisa akasema bibi harusi hawezi kutangulia, tuzunguke mtaa mpaka mwenzake afike. Tukazunguka, tukazunguka. Kuzima injini sikuthubutu.