Jack Will alilipa, wenzake je?

Watu wakiisifia Wonder, riwaya ya R.J. Palacio iliyotoka 2012, humtaja August Pullman, mtoto wa miaka kumi aliyezaliwa na ulemavu wa uso, anayeingia shule kwa mara ya kwanza akiwa darasa la tano huko New York. Au humlaani Julian, kinara wa uonevu. Mimi huyu Jack Will ndiye aliyeninyima usingizi.

Jack ni rafiki wa kwanza wa kiume wa August pale shuleni, Beecher Prep. Siku ya Halloween, sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya kutisha, August anabadilisha vazi asubuhi ile ile, kwa hiyo hakuna anayemtambua nyuma ya kinyago. Anaingia darasani, anamkuta Jack kajiviringisha mabandeji kama maiti ya Kimisri, anapiga soga na kundi la Julian. Ndipo anamsikia Jack akisema kwamba yeye angekuwa na sura kama ya August, angejiua.

Ya Julian yalikuwa yanajulikana. Wenzake walikuwa hata na mchezo wa tauni: ukimgusa August, una sekunde 30 za kukimbilia kunawa. Inauma, ila adui yako unamjua. Aliyesoma bweni atanielewa. Anayekutesa mchana kweupe unajifunza kumkwepa. Anayekuteta na watesi wako, kisha usiku akaja kuazima sabuni, huyo utamkwepa vipi?

Toba ya Jack naiamini kwa sababu ilimgharimu. Siku anayotambua August alisikia nini, Julian anamwambia aachane na kile kituko. Jack anamtandika ngumi ya mdomo, jino linatoka. (Ngumi siisifii, walimu msinitumie ujumbe.) Nayasifu yaliyofuata: anasimamishwa masomo, anamwandikia August kumwomba radhi, kisha anarudi shule na kukuta karibu wavulana wote wamemsusia. Sasa anaonja kile alichokuwa anakitazama kwa mbali.

Linganisha na Amos, Miles na Henry, waliokuwa kundi moja na Julian. Kambini, wavulana wakubwa wa shule nyingine wanamvamia August, hawa watatu wanajitokeza kumwokoa, na ghafla ni mashujaa. Ushujaa wao sina shida nao. Ila ile miezi ya kumkimbia mwenzao kama ugonjwa imeishia wapi? Adui wa nje kafuta madeni yote. Halafu mwisho wa mwaka August anapewa medali na ukumbi mzima unasimama kumpigia makofi. Nililia, sikatai, lakini nilikereka pia, kana kwamba kuvumilia kuonewa ni mtihani na mtoto kaufaulu.

Julian ndiye aliyeachwa nje. Via dada yake August, rafiki yake Summer, Jack, hata Justin mpenzi wa Via na Miranda rafiki wa zamani wa Via wamepewa nafasi ya kusimulia, yeye hapana. Tunachobaki nacho ni mama yake, aliyemfuta August kwenye picha ya darasa kwa kompyuta. Mtoto kajifunzia wapi basi?

Mwaka 2014 Palacio alimwandikia Julian sura yake ya kitabu. Julian yuko Paris kwa bibi yake, Myahudi aliyefichwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na mvulana mlemavu wa polio, yule yule ambaye darasani walimbandika jina la kaa, yule wa baharini. Bibi anasimulia, mjukuu anabubujikwa na machozi, anachukua kalamu na kumwandikia August. Wala hakuna ukumbi wa kumpigia makofi, maana shule yenyewe keshaihama. Nimemwamini kuliko Amos.