Kipunji aliyeniangukia begani

Kwa kuwa Shemeji ameshaniwahi na kuirusha ile sauti yangu nikipiga ukelele mlimani kwenye magrupu yote matatu, acheni na mimi nijitetee. Kwanza kabisa, sikulia. Ilikuwa mvua. Waliofika mlima Rungwe wananielewa.

Kilichoniponza ni mdomo. Tulipanda kumtafuta kipunji, kima wa huko, na njia nzima nawahutubia watu: katambulishwa kwa sayansi 2005, mwaka uliofuata akapewa jenasi (kundi la kisayansi) yake peke yake, hesabu iliyochapishwa 2008 ikapata 1,117 tu. Mzee aliyetuongoza, Mnyakyusa, anamenya ndizi yake kimya. "Babu yangu alikuwa akiwafukuza kwenye mahindi," akasema, basi.

Sasa sikilizeni. Juu ya mti mkubwa, kwenye ukungu, nikauona MKIA. Mrefu, manyoya ya kijivu, ncha imepauka. Kama kwenye picha! Nikainua ngumi wote wasimame. Nikapiga magoti kwenye tope (suruali mpya, msiniulize bei). Mkia ukayumba. Nikanong'ona, "Ametuona." Shemeji alikuwa na kikohozi, akakimeza. Dakika kumi nzima, picha 43. Mzee ananitazama mimi, hautazami mti. Hapo ningeshtuka, lakini wapi!

Upepo ukavuma. Mkia ukakatika.

Ukashuka taratibu, unajizungusha, mimi bado narekodi, ukanitua hapa, kati ya bega na shingo, baridi, umelowa. Ule ukelele mliousikia ndio huo. Ndiyo, ni mimi. Hapana, si mbuzi.

Mzee akauokota kwa vidole viwili. "Ndevu za mti hizi, mwanangu." Akavuta uzi mmoja polepole, ganda la nje likapasuka, ndani kukabaki uzi mweupe unaonyumbuka kama mpira. Kumbe si mnyama, na hata mmea si mmea: ni kuvu na mwani wamepanga chumba kimoja. "Huyu hata umpe ndizi, hashuki," akaongeza, akamalizia yake.

Kipunji wenyewe? Tuliwasikia bonde la pili, wanabweka kama honi ya bajaji iliyopaliwa, wanazidi kwenda mbali. Shemeji anasema niliwafukuza mimi. Tukashuka, tukala, tukalala.

Picha zote 43 ninazo. Ya 17, ukiikazia macho, kama ana sura hivi.