Waliowapiga risasi wauza dawa Derry walikuwa wakimlinda nani?

Mwaka 2012, mjini Derry, Ireland Kaskazini, mama mmoja alimpeleka mwanawe kwa miadi akapigwe risasi za miguu. Aliogopa kwamba akikataa, yangemkuta makubwa zaidi. Waliomwita kijana huyo ni Republican Action Against Drugs (RAAD), kundi lenye silaha lililojitokeza 2008 likidai linawasafisha wauzaji wa dawa za kulevya.

Wanaolitetea wana hoja ya kusikilizwa. Mitaa ya Wakatoliki kama Creggan na Bogside ilikaa miaka mingi bila polisi wa kukimbilia. Ripoti ya Patten ya 1999, ya tume ya mageuzi ya polisi, ilikuta Wakatoliki ni takriban asilimia 8 tu ya RUC, jeshi la polisi la Ireland Kaskazini wakati huo. Wengi waliamini pia kwamba ukimripoti muuza dawa, polisi watamgeuza mpasha habari wao na kumwacha aendelee na biashara. Mzazi anayemwona mtoto akiteketea hana subira ya kungoja kesi, na mimi simlaumu.

Ila tazama tarehe. RUC ilibadilishwa kuwa jeshi jipya la polisi, PSNI, mwaka 2001, ikaanza kuajiri Wakatoliki nusu kwa nusu. RAAD ikazaliwa miaka saba baadaye. Na Julai 2012 ikaungana na Real IRA, wapiganaji wanaotaka kuiondoa Uingereza Ireland Kaskazini na waliokataa mkataba wa amani wa 1998, wakaunda kundi linalowalenga polisi na wanajeshi. Kwangu mimi, dawa za kulevya zilikuwa njia ya kukubalika mtaani. Vita yenyewe ilikuwa nyingine.

Kisha kuna suala la ushahidi. Mtuhumiwa hana wakili, hawajui waliomtaja, wala hana pa kukata rufaa. Februari 2012 kijana wa miaka 24, aliyekuwa ameshafukuzwa Derry, aliuawa kwa risasi Buncrana, ng'ambo ya mpaka, katika Jamhuri ya Ireland. Hakuna mahakama iliyowahi kupima alichotuhumiwa. Anayefikiwa kirahisi ni yule wa mtaani, mara nyingi naye ni mtumiaji anayeuza ili apate dozi yake. Mwenye mzigo yuko mbali.

Mwaka huohuo wakazi wa Derry waliandamana kuipinga RAAD. Ilihitaji ujasiri, maana watu wa RAAD waliishi nao mtaa mmoja. Watu hao wanastahili polisi wanaofika wanapoitwa, na tiba ya uraibu iliyo karibu, kabla mzazi mwingine hajapewa miadi.