Mungu Akisema Usingizini, Anasema na Nani?

Katika makesha ya Ijumaa huku kwetu Mombasa, kuanzia Mikindani hadi Mtwapa, hufika saa ambapo mahubiri husimama na kipaza sauti hupewa waumini watoe ushuhuda. Ni kama saa nane usiku. Watoto wamelala kwenye leso chini ya viti vya plastiki. Mama anayekaanga samaki Kongowea anasimama, anasema "Bwana asifiwe", anaitikiwa, kisha anaanza: "Usiku wa kuamkia jana nimeonyeshwa." Kanisa zima hutulia. Waliokuwa wakisinzia huinua vichwa. Sijaona sehemu nyingine ya ibada inayosikilizwa kwa makini kiasi hicho.

Si mbali na hapo kuna kanisa jingine, lenye kitabu cha sala na kasisi aliyesomea thiolojia, ambako mtu akisema ameonyeshwa jambo wazee hutazamana. Kwao Mungu amekwisha kusema. Biblia imekamilika, na anayetaka kusikia sauti ya Mungu na aifungue.

Nimeabudu na pande zote mbili na ninaziheshimu. Lakini naona zinabishana sana juu ya kama Mungu bado anasema kwa ndoto, na zinabishana kidogo mno juu ya jambo linaloumiza watu: ndoto ya mmoja ina haki gani juu ya maisha ya mwingine?

Nianze na wanaoamini, maana Maandiko yako upande wao kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Ondoa ndoto kwenye Injili ya Mathayo uone kama mtoto Yesu ataponea mkononi mwa Herode. Yusufu anajiwa ndotoni mara nne: amchukue Mariamu, akimbilie Misri, arudi nyumbani, kisha ageukie Galilaya. Mamajusi wanaonywa wasirudi kwa mfalme. Mwishoni kabisa, mke wa Pilato anampelekea mumewe ujumbe akiwa kwenye kiti cha hukumu, kwamba ameteswa sana ndotoni kwa ajili ya yule mwenye haki. Na siku ya Pentekoste Petro ananukuu nabii Yoeli: vijana wenu wataona maono, na wazee wenu wataota ndoto. Hakuweka kikomo.

Wala halikuishia kwa mitume. Mwaka 203, huko Carthage, kwenye bara letu hili, mama kijana aliyeitwa Perpetua aliandika akiwa gerezani maono aliyoyapata kabla ya kuuawa kwa ajili ya imani. Aliona ngazi ya shaba iliyofika mbinguni, imepachikwa silaha pande zote, na joka limelala chini yake. Alikuwa bado ananyonyesha. Tertuliano, mwandishi wa mji huohuo, alisema watu karibu walio wengi humjua Mungu kwa njia ya ndoto. Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, watazame Akurinu, waumini wa makanisa ya kiroho ya Kenya, na vilemba vyao vyeupe, ambao tangu miaka ya 1920 wameyapa maono na unabii nafasi ya mbele katika ibada.

Lipo jambo ambalo wapinzani wa ndoto hawalioni, pengine kwa sababu wao hawajawahi kunyimwa kipaza sauti. Yule mama wa Kongowea hana cheti cha chuo cha Biblia. Si mzee wa kanisa, hayumo kwenye kamati, na siku ya kawaida hakuna anayemuuliza kanisa liendeshwe vipi. Ndoto ndiyo inayompa haki ya kusimama mbele ya wanaume waliovaa suti na kusema, "Kuna dhambi inafichwa hapa." Mke wa Pilato naye hakuwa na kiti mahakamani, ila siku ile ndiye aliyeona vizuri kuliko hakimu. Kanisa likifunga mlango wa ndoto bila kufungua mlango mwingine, wanaonyamazishwa ni akina mama, vijana na maskini. Wenye suti wanabaki na mimbari yao.

Upande wa pili nao haujasimama hewani. Waraka kwa Waebrania unaanza kwa kusema kwamba Mungu alisema zamani kwa njia nyingi, na mwisho wa siku hizi amesema katika Mwana. Ungamo la Imani la Westminster, lililoandikwa Uingereza katika miaka ya 1640 na ambalo Wapresbiteri duniani bado wanalishika, linasema wazi kwamba njia zile za kale za Mungu kujifunua zimekoma. Martin Luther alisema alimwomba Mungu asimletee ndoto wala maono, maana alitosheka na Maandiko. Wakatoliki wamekaa katikati: Katekisimu yao, aya ya 67, inakubali kwamba ufunuo wa watu binafsi umekuwapo, lakini haiuruhusu kuongeza kitu kwenye imani.

Hata Agano la Kale, lililojaa ndoto kutoka Yakobo hadi Danieli, lina onyo kali. Kumbukumbu la Torati 13 inasema mwotaji anaweza kutoa ishara, ishara ikatimia, na bado awe mpotoshaji kama anawavuta watu kwa miungu mingine. Lifikirie hilo vizuri. Kutimia kwa ndoto peke yake hakuthibitishi chochote. Yeremia naye aliwachoka waliokuwa wakipiga kelele "Nimeota ndoto, nimeota ndoto," akauliza makapi ni kitu gani kuliko ngano.

Tena kuna mwili. Mwaka 1953 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza kipindi cha usingizi ambamo macho huenda mbio chini ya kope, na ambamo ndoto huwa nyingi. Baadaye ikajulikana kwamba katika kipindi hicho misuli mingi hulegea kabisa. Akili ikiamka kabla ya misuli, mtu hujikuta kitandani hawezi kuinua kidole, kifua kimebanwa, na pengine anaona kivuli chumbani. Hilo ndilo jinamizi ambalo kila mtu wa Pwani amelisikia. Hakuna aliyetumwa na jirani kuja kumkaba.

Mfano mwingine unaniuma zaidi. Dawa ya efavirenz, iliyotumika nchini kwa miaka mingi katika matibabu ya VVU kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, inajulikana kuleta ndoto kali na za kutisha. Mfikirie mtu aliyeficha hali yake kanisani, anaamka kila usiku akitweta, anaenda kwa muombeaji, anaambiwa ana jini mahaba na afunge siku saba bila kuweka chochote kinywani. Vidonge navyo vinaachwa. Hapo ndoto imetafsiriwa kwa gharama ya uhai, na aliyeitafsiri hakuuliza hata swali moja kuhusu dawa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Mungu anasema kwa ndoto, najibu ndiyo. Siwezi kuisoma Biblia kwa uaminifu nikajibu vingine, na hoja ya kwamba Mwana ndiye neno la mwisho haimzuii huyo Mwana kumwamsha mtu usiku. Nikiulizwa kama kila anayesema ameonyeshwa ameonyeshwa kweli, najibu hapana, na Biblia ileile ndiyo inayonifundisha kujibu hivyo. Ninachokitaka ni tutazame jinsi ndoto zilivyofanya kazi kwa wale ambao Maandiko yanathibitisha kwamba waliziona kweli.

Yusufu alipoambiwa akimbilie Misri, aliyeamka usiku na kubeba mizigo ni Yusufu mwenyewe. Petro alipoona ile nguo kubwa ikishuka kutoka mbinguni pale Yafa, aliyelazimika kuvuka kizingiti cha Kornelio na kuvunja desturi aliyolelewa nayo ni Petro. Na Kornelio alikuwa ametokewa na malaika kwake, hivyo hakuhitaji kulazimishwa na maono ya mtu mwingine. Vivyo hivyo Anania na Saulo kule Dameski, kila mmoja alipata habari zake. Kisha inakuja sehemu ambayo sijaisikia ikihubiriwa vya kutosha: Petro aliporudi Yerusalemu aliulizwa, akajieleza hatua kwa hatua, na aliandamana na ndugu sita walioshuhudia. Mtume mkuu, mwenye maono ya kweli, hakusema "msimguse mpakwa mafuta". Paulo naye pale Troa alimwona Mmakedonia akimwita avuke, lakini Luka anaandika kwa wingi: "tukaona hakika" kwamba Mungu ametuita. Aliona mmoja, wakaamua wote. Paulo huyohuyo alinyakuliwa hadi mbingu ya tatu, na anawasimulia Wakorintho baada ya miaka 14, kwa kusitasita, kana kwamba habari hizo ni za mtu mwingine.

Hicho ndicho kipimo changu: ndoto humbana kwanza aliyeiota, naye hukubali kuulizwa. Linganisha na tunayoyaona mjini kwetu. Binti mmoja wa kwaya ninayemfahamu aliitwa ofisini baada ya ibada, akaambiwa na kiongozi aliyemzidi umri sana kwamba Bwana amemwonyesha yeye ndiye mke wake. Yeye binti hakuonyeshwa kitu. Alipouliza kwa nini Mungu hakumwambia na yeye, akajibiwa kwamba moyo wake ni mgumu. Alihama kanisa, na marafiki zake wengi wakabaki kule wakimwona muasi.

Kuhusu ndoto za ndoa kuna kisa cha kale ambacho natamani kila mama mchungaji akijue. Monika, mama yake Augustino, yule mwalimu mkuu wa kanisa la kale, alikuwa mtu wa ndoto; aliwahi kuonyeshwa kwamba mwanawe aliyepotea atasimama naye katika imani, na ikawa. Baadaye, kijana alipokuwa akitafutiwa mchumba, alimwomba Mama aombe apate maono juu ya ndoa hiyo. Monika akaomba. Akaona mambo, lakini akamwambia mwanawe bila kuyapa uzito, kwamba anaitambua tofauti, kwa ladha asiyoweza kuieleza, kati ya Mungu anapomfunulia na nafsi yake inapoota. Shauku yake juu ya ile ndoa ilikuwa kubwa, na angeweza kuipachika jina la Mungu. Hakufanya hivyo.

Biashara ya kutafsiri ndoto sitaikalia sana, maana ubaya wake uko wazi. Ukiota unakula, umelishwa usingizini. Ukiota nyoka, kuna adui ukoo wa baba. Namba ya kutuma sadaka ndiyo hiyo. Danieli alimwambia Belshaza zawadi zake akae nazo, kisha akamsomea maandishi ya ukutani bure. Majirani zetu Waislamu wana adabu ambayo tungefaa kuitafakari: ndoto njema humwambii ila umpendaye, na ya kuchukiza unajikinga kwa Mungu wala humsimulii mtu. Sisi tunaipeleka kwenye spika.

Na hatuwezi kuzungumza haya Mombasa tukajifanya hatukumbuki Shakahola, kule Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sisemi ndoto ndiyo iliyofanya hivyo. Kesi zina mahakama zake. Nasema kanisa lililozoea kwamba aliyeonyeshwa haulizwi litakuwa limechelewa siku atakapokuja mtu wa aina hiyo.

Kuna atakayenipinga kwamba namzimisha Roho. Wapo manabii waliotumwa kwa watu wengine, na ndoto za Farao zilihusu taifa zima. Pingamizi hilo ni zito, na kipimo changu hakilimalizi. Ndoto nyingine kweli humhusu mtu mwingine.

Mama mmoja wa Magongo aliota bintiye amesimama kwenye ua wenye kuta ndefu, anaita na sauti haitoki. Binti alikuwa na viza na tiketi ya kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mzee mmoja wa kanisa akasema asiende, akienda atakuwa amemwasi Mungu. Mwingine akasema ni hofu tu za mzazi anayesikia habari mbaya kila wiki, na kitabu cha Mhubiri kilishasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Mama alimweleza bintiye alichokiona, akalia mbele yake, kisha akamwachia aamue. Binti akaenda, baada ya kumwachia mama nakala ya mkataba, namba ya wakala na anwani ya mwajiri.

Nadhani mama yule alifanya sawa kuliko wazee wote wawili. Kule Tiro wanafunzi walimwambia Paulo, kwa Roho, asipande Yerusalemu. Kule Kaisaria nabii Agabo alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga miguu na mikono, akasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi. Watu wakamsihi kwa machozi. Paulo akasikia yote, akaenda, na waliompenda wakanyamaza wakisema mapenzi ya Bwana yatendeke. Najua swali linalofuata: je, kama huyo binti angepatwa na mabaya? Watu wangesema ndoto ilikuwa amri naye akaivunja. Lakini Paulo alifungwa kweli, kama Agabo alivyosema, na Luka hakuandika popote kwamba alikosea kwenda.