Mtaalamu wa usemi aache wagonjwa akasome PhD?

Wanaopinga wana hoja nzito. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha Afrika Mashariki ni wachache mno. Makerere ilianza kuwafundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008. Mmoja akienda kusoma uzamivu miaka minne au mitano, wagonjwa wa kiharusi na watoto wenye kigugumizi hubaki wakisubiri. Wengine wakishavuka bahari hawarudi. Tena hata Marekani mtu hutibu kwa uzamili tu.

Ila huyo aliyebaki kliniki anampima mtoto kwa kipimo gani? Kipimo cha Kiingereza huangalia miisho ya vitenzi. Kiswahili hupanga viambishi vya mtenda na wakati mbele ya mzizi wa kitenzi, kama a-na- katika "anacheza". Mwanaisimu Kamil Ud Deen, katika tasnifu yake ya uzamivu ya 2002, alionyesha kwamba watoto wadogo wa Nairobi huangusha viambishi hivyo, na hata watu wazima wa huko mara nyingine huacha cha mtenda. Asiyelijua hilo atamwita mtoto mzima mgonjwa, na mgonjwa atamrudisha nyumbani akisema "atakua tu". Na tasnifu hiyo iliandikwa Los Angeles!

Halafu kuna Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 2006 mtafiti Julie Carter na wenzake walichapisha matokeo yao: kati ya watoto waliowahi kuugua malaria ya ubongo, karibu 12 katika kila 100 walikuwa na tatizo la lugha. Kwa wasiowahi kupata malaria kali, ni kama 2. Mara sita! Hao ni watoto walioruhusiwa hospitali, wazazi wakashukuru Mungu, kisha darasani mwalimu akamwona mtoto mzito wa kuelewa. Daktari anayemwona mmoja leo na mwingine mwezi ujao hawezi kuitambua tofauti hiyo. Ilionekana kwa sababu kwanza vilitengenezwa vipimo vinavyowafaa watoto wa Kilifi, kazi ya subira ambayo kliniki yenye foleni haina nafasi nayo.

Kwa hiyo tubishanie masharti ya ufadhili. Uzamivu unaochambua sauti za watoto wa Ohio usilipiwe na serikali zetu. Anayelipiwa akusanye data zake hapa, kwa Kiswahili, Kigiriama au Kisukuma, na kila wiki awe na siku za kuona wagonjwa.