Mnara wa Shukhov: chuma kilichookolewa, kisha kutu iliyofuata

Mafundi wa chuma wa Katwe, hapa Kampala, wangeuelewa mnara wa Shukhov haraka kuliko wengi wanaousifia. Shida ya mhandisi Vladimir Shukhov mjini Moscow ilikuwa ileile yao: chuma hakitoshi. Alichora mnara wa redio wa mita 350, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeikamua Urusi, akaambulia cha kujengea takriban mita 150. Ulianza kutangaza Machi 1922.

Ubunifu wake unaweza kuuona mkononi. Shika fungu la mirija, lifunge katikati kwa raba, kisha sokota ncha za juu: kiuno hubana, juu na chini hutanuka. Kila mrija umebaki umenyooka, ila umbo zima limejipinda. Shukhov alibebanisha maumbo sita ya namna hiyo. Vyuma vinavyopishana vinashikiliana, na upepo unajipitia katikati. Kila sehemu iliunganishwa chini, ndani ya zilizotangulia, ikavutwa juu kwa kapi na winchi. Jukwaa refu la ujenzi halikuhitajika.

Watetezi wake hupenda kutaja mnara wa Eiffel wa Paris: mchoro wa mita 350 ungetumia tani 2,200, huku chuma cha Eiffel, uliojengwa kwa mita 300 hivi, kikifikia tani 7,300. Hapo nawakatalia. Eiffel unabeba lifti, mikahawa na umati wa watu. Wa Shukhov ulibeba antena.

Kuhusu uimara, siwabishii. Mwaka 1939 ndege ilinasa waya uliofungwa mnarani. Ndege ikaanguka, mnara ukabaki wima.

Wanaoukosoa wana hoja nzito zaidi kwenye matunzo. Vyuma vyembamba vilivyopishana vina maungio ya ribiti kila mahali, na maji hupenda kujificha humo. Kutu ilifika mbali kiasi kwamba mwaka 2014 ilipendekezwa mnara ubomolewe. Wasanifu mashuhuri, akiwemo Norman Foster, wakapinga. Ujenzi wenyewe pia haukuwa salama: mwaka 1921 sehemu ya nne ilianguka wakati wa kupandishwa, na Shukhov akahukumiwa kifo, adhabu iliyoahirishwa.

Hata hivyo, kumlaumu mchoraji kwa rangi isiyopakwa miaka mingi si haki. Kosa hilo ni la waliorithi mnara.

Kwa kilima cha Kololo, penye milingoti yetu ya utangazaji, bado ningechagua ule wa kawaida wa vyuma vya pembe na bolti. Kipande kikioza, fundi wa Katwe anakata kingine kwa kipimo kilekile.