Chumbe: hifadhi inayoishi kwa wageni wachache

Kisiwa cha Chumbe kiko kusini mwa mji wa Zanzibar, safari fupi ya mashua kutoka Mbweni, na urefu wake ni kama kilomita moja tu. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kuwa mwamba wa matumbawe ulioko upande wake wa magharibi hautavuliwa tena, ikaiachia kampuni binafsi, Chumbe Island Coral Park, iusimamie pamoja na msitu wa kisiwani. Fedha za kulipa walinzi, mafuta ya mashua na masomo ya wanafunzi zinatokana na wageni, nao hupokewa kwa kikomo: vibanda vya kulala ni saba, na wanaokuja kwa siku moja huongezwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Miaka thelathini baadaye mpango huu unasifiwa na wahifadhi wa nchi nyingi, lakini kwa Mzanzibari wa kawaida Chumbe ni mnara wa taa anaouona kwa mbali akiwa ndani ya boti ya Dar es Salaam.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito, na ya kwanza ni kisiwa chenyewe. Chumbe hakuna kisima wala chemchemi, kwa sababu ardhi yake ni jiwe la matumbawe ya kale lisilohifadhi maji, na miti ya msitu wake imeingiza mizizi katika nyufa za jiwe hilo. Kila kibanda huvuna mvua kwa paa lake na kuihifadhi katika tangi lililo chini ya sakafu, vyoo havitumii maji hata kidogo, na maji ya kuogea huchujwa kwa mimea kabla ya kufika ardhini. Kwa maneno mengine, idadi ya wageni imepangwa na ukubwa wa mapaa, na atakayetaka kuiongeza atalazimika kusafirisha maji kutoka Unguja na kutafuta pa kupeleka majitaka, umbali wa hatua chache kutoka kwenye matumbawe yasiyovumilia uchafu.

Hoja ya pili inaonekana majini. Mgeni huogelea kwa miwani na mrija akiwa nyuma ya mlinzi, na akitaka kupumzika hupewa boya la kushikilia, kwa kuwa kusimama juu ya mwamba ni marufuku. Tumbawe lililovunjwa kwa kisigino huchukua miaka kurudi lilivyokuwa. Linganisha na Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja, ambako asubuhi ya msimu wa wageni mashua nyingi huwazunguka pomboo wachache, kila nahodha akiharakisha ili abiria wake waruke majini kabla ya wa mwenzake. Nahodha huyo halaumiki sana, maana analipwa kwa kichwa, na asipoharakisha yeye ataharakisha mwingine. Bei ndogo bila kikomo cha idadi huzaa mbio za namna hiyo.

Hata hivyo, bei kubwa nayo ina namna yake ya kuchagua watu. Gharama ya mgeni mmoja kulala Chumbe usiku mmoja inazidi kima cha chini cha mshahara wa mwezi Zanzibar, na hata kukiwa na nafuu kwa wakaazi, familia ya Jang'ombe, mtaa wa watu wa kawaida mjini, haitapanga Jumapili yake huko. Mali ya umma imefungwa kwa jina la umma, kisha mlango wake umewekewa ada ambayo umma hauimudu. Jibu la kampuni ni ziara za wanafunzi, ambao huletwa bila malipo pamoja na walimu wao kujifunza habari za mwamba na msitu, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote yanayofanyika pale. Tatizo ni kwamba masomo hayo yanategemea mfuko uleule wa wageni. Mwaka 2020, ndege ziliposimama, ilidhihirika jinsi mfuko huo unavyoweza kukauka kwa wiki chache, ilhali doria haiwezi kusubiri watalii warudi. Wala ada haizuii joto la bahari: mwaka 1998, na tena 2016, matumbawe ya pwani yetu yalipauka, yaliyolindwa na yasiyolindwa.

Kuhusu wavuvi, mjadala umerahisishwa mno na pande zote mbili. Ni kweli kwamba baadhi ya walinzi wa mwanzo walitoka katika vijiji vya uvuvi, na kwamba samaki wakiongezeka ndani ya mpaka, wengine hutoka na kuingia katika madema ya walio nje. Lakini upande wa magharibi wa Chumbe haukuwa bahari ya kutegemewa na wengi hata kabla ya 1994: ni njia ya vyombo vya Dar es Salaam, na kuufikia kulihitaji mashine ambayo wavuvi wengi hawakuwa nayo. Kufungwa kwake kuliwagharimu watu wachache, na sehemu ya mafanikio ya hifadhi inatokana na bahati hiyo.

Jambo hili lina uzito leo kwa sababu tangu 2021 Serikali imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, na Chumbe hutajwa kama ushahidi kwamba kisiwa kikiwa mikononi mwa kampuni hulindwa vizuri zaidi. Naukubali ushahidi huo kwa upande wa idadi ya wageni, lakini siukubali kwa upande wa wavuvi. Viko visiwa ambako wavuvi hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, msimu mzima, wakikausha samaki na kushona nyavu ufukweni. Mkataba wa kukodisha kisiwa cha aina hiyo unapaswa kutaja, kabla ya kutaja vyumba vya kulala, dago litahamia wapi, nani atalipa doria mwaka ambao wageni hawaji, na siku ngapi za mwaka wakaazi wataingia kwa nauli ya mashua tu.